Dokta Stirling: Mgeni Aliyekuwa Mwenyeji

Ndugu wana-Masasi na Nachingwea, mwaka huu tunamkumbuka Dokta Leader Stirling. Alizaliwa Uingereza mwaka 1906, akafika kwetu mwaka 1935 akiwa daktari wa misheni ya UMCA. Pale Lulindi alitibu, alipasua, na akawafundisha vijana wetu uuguzi. Mwaka 1949 aliingia Kanisa Katoliki, akaendelea na kazi hospitali ya Mnero hadi 1964, kisha akahamia Kibosho.

Lakini hakuwa mtu wa kisu tu. Aliupenda uskauti, akafikia kuwa Skauti Mkuu wa Tanzania. Aliandika vitabu kuhusu kazi yake. Siasa nayo hakuiogopa: mwaka 1958 aliingia Baraza la Kutunga Sheria akiungwa mkono na TANU, na mwaka 1975 Mwalimu Nyerere akamteua Waziri wa Afya. Alichukua uraia wa nchi hii, na alipofariki mwaka 2003 alifariki Mtanzania.

Wapo wanaomkumbuka kwa upasuaji. Sisi tunamkumbuka zaidi kwa wale aliowafundisha, maana daktari huhama, ila ujuzi aliouacha mikononi mwa wenyeji hubaki kijijini.

Ndiyo sababu michango ya mwaka huu tumeielekeza kwenye ada za vijana wetu wanaosomea uuguzi na utabibu. Dokta Stirling alitoka mbali kuja kututibu. Sisi tuliozaliwa hapa tutashindwaje? Kidole kimoja hakivunji chawa. Karibuni tuchange.