Seyyid Barghash: Jina Bila Sura

Wengi wetu humkumbuka Seyyid Barghash bin Said kwa Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Unguja mwaka 1883. Mimi nitamweleza kwa sarafu, maana habari yake inafika mpaka huku kwetu Kilosa.

Mwaka 1859 aligombea kiti na ndugu yake Majid, aliyesaidiwa na Waingereza. Akashindwa, akapelekwa Bombay. Majid alipofariki mwaka 1870 akatawala yeye. Mwaka 1873 alifunga soko la watumwa, lakini tusimpambe mno: alitia sahihi baada ya Waingereza kutishia kukizingira kisiwa kwa manowari.

Pwani nzima siku hizo ilitumia riale ya Maria Theresa, yenye sura ya malkia wa Austria aliyekufa tangu 1780. Mwaka 1882 Barghash akatoa riale yake ya fedha. Hakutia sura yake, ila jina kwa maandishi ya Kiarabu, kama walivyofanya masultani wa Kilwa karne nyingi kabla yake.

Rumi ilikuwa vingine. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Julius Caesar alitia uso wake mwenyewe kwenye dinari za fedha, na mwaka huo huo akauawa. Raia wa mbali, asiyeweza kumwona mtawala, alimjua kwa sarafu.

Novemba na Desemba 1884 Carl Peters alipita Usagara, yaani nchi yetu hii, akiwatia machifu sahihi mikataba ya Kijerumani. (Sisi wa mafaili tunajua maana ya kutia sahihi usichoweza kukisoma.) Barghash alipinga kwamba nchi ni yake. Kwa maoni yangu madai hayo nayo yalikuwa mepesi. Huku bara bendera yake ilifuata misafara ya pembe, serikali haikuwapo. Agosti 1885 manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya kasri yake, naye akakubali. Mkataba wa 1886 ukamwachia visiwa na ukanda wa pwani wa maili 10. Alifariki Machi 1888.

Mwaka 1890 kampuni ya Kijerumani ikatoa rupia ya fedha: upande mmoja simba na mnazi, upande wa pili Kaisari Wilhelm wa Pili, kofia ya chuma yenye tai kichwani, jina lake kwa Kilatini. Hata neno Kaisari latokana na yule Caesar. Kodi ya nyumba ilipoanza mwaka 1898, mzee wa Kilosa aliyelipa kwa rupia alihesabu nyuso za mtu ambaye hakupata kukanyaga Usagara.