John Tyndall na Vumbi la Hewani

John Tyndall alizaliwa Ireland mwaka 1820. Alikuwa mpima ardhi, kisha mwaka 1847 akawa mwalimu wa hisabati Uingereza. Baadaye, akiwa London, alipitisha mwali wa nuru katika sanduku lililopakwa gliserini ndani. Vumbi liliponata lote, baada ya siku kadhaa, mwali haukuonekana tena; na mchuzi uliochemshiwa humo haukuoza, ingawa wengi waliamini kuwa vijidudu huzuka vyenyewe. Alifariki mwaka 1893.

Vipimavumbi vingi vya leo hufuata njia hiyo: fotodaiodi, igeuzayo nuru kuwa umeme, huwekwa kando ya mwali, na saketi hukuza mkondo wake hafifu. Mwalimu wa Mamboya atafunga madirisha, aache tundu moja la jua, kisha akung'ute kifutio. Watoto watazame kutoka kando.