Amri Abedi: Aliandika 'Diwani', kisha akawa diwani

Uchaguzi mkuu ukikaribia, Masasi na Newala hazikosi stori za udiwani. Nani kachukua fomu, nani kaangushwa kwenye kura za maoni, nani ataibana halmashauri kuhusu maji na ushuru wa korosho.

Pamoja na hayo, wapo wanaouona udiwani kama cheo kidogo, cha mtu aliyekosa ubunge.

Maisha ya Sheikh Amri Abedi Kaluta yanaonyesha kitu kingine kabisa.

Mashabiki wa soka wanalijua jina lake kupitia uwanja wa Sheikh Amri Abeid jijini Arusha. Lakini mwenyewe hakuwa mtu wa Arusha, wala hakuwa mchezaji. Alikuwa sheikh, mshairi na mwanasiasa.

Kijana wa Ujiji

Alizaliwa Ujiji, Kigoma, mwaka 1924, akasoma hadi sekondari ya Tabora. Baadaye akawa mhubiri wa Jumuiya ya Waislamu wa Ahmadiyya, na akashiriki kazi ya tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili iliyotoka mwaka 1953.

Hapo hakukuwa na lelemama. Waislamu wengi wa pwani walikuwa Wasunni, na masheikh wao waliipinga vikali tafsiri ile. Kwa hiyo Amri alijulikana mapema kama mtu wa kundi dogo lenye wapinzani wengi.

Mwaka 1954 akatoa kitabu kilichompa heshima kwa watu wa dini zote: Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Ndani yake alieleza vina na mizani, kisha akaweka mashairi yake mwenyewe.

Neno diwani hapo lina maana ya mkusanyiko wa mashairi. Miaka michache baadaye, mwenye kitabu akawa diwani wa aina ya pili.

Kutoka kura hadi umeya

Dar es Salaam ilikuwa manispaa tangu 1949, lakini kwa miaka mingi viti vya baraza vilishikwa zaidi na Wazungu na Waasia. Waafrika, ambao ndio walikuwa wengi mjini, walikuwa na sauti ndogo.

Amri aliingia kwenye baraza hilo akiwa mtu wa TANU. Mwaka 1960 akawa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam.

Si jambo dogo. Uhuru ulikuwa bado, na gavana Mwingereza, Richard Turnbull, ndiye aliyekuwa juu serikalini. Lakini kwenye kiti cha mbele cha baraza la mji alikaa mtoto wa Ujiji, tena wa madhehebu ya wachache.

Baada ya uhuru akapanda zaidi. Mwaka 1963 akawa Waziri wa Sheria, kisha akahamia wizara ya maendeleo ya jamii na utamaduni wa taifa. Oktoba 1964 akafariki dunia Ujerumani Magharibi. Alikuwa na miaka 40 tu.

Kiti kilipoondolewa

Kuna sehemu ya stori hii ambayo Amri hakuishi kuiona. Kuanzia mwaka 1972, chini ya mpango wa madaraka mikoani, halmashauri za kuchaguliwa zilifutwa. Mambo ya wilaya, Masasi na Newala zikiwemo, yakawa mikononi mwa watendaji waliopangwa kutoka juu.

Ilibidi itungwe sheria ya mwaka 1982 ndipo halmashauri za wilaya zirudi. Kwa miaka yote hiyo katikati, mwananchi wa wilayani mwenye kero ya kisima au zahanati hakuwa na halmashauri ya kuchaguliwa ya kuiuliza.

Leo Masasi ina halmashauri ya mji na ya wilaya, na Newala vivyo hivyo. Wenyeviti wake hawapigiwi kura moja kwa moja na wananchi. Wanachaguliwa na madiwani wenzao, kama mameya wanavyochaguliwa mijini.

Maana yake, hakuna anayefika kwenye kiti hicho bila kwanza kupigiwa kura kwenye kata. Sheria haidai digrii wala utajiri: inadai, pamoja na mengine, umri wa miaka 21, uanachama wa chama cha siasa, na kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza.

Kwa Kiswahili, Amri Abedi angepita bila kuulizwa.