Anuarite, mtoto wa Wamba



Kila tunapotembelea jamaa waliorudi Lubunga nyuma ya vita ya Wambole na Walengola, swali ni lile lile: kama Mungu anatupenda, alikuwa wapi siku nyumba zinaungua? Jibu la haraka hatuna. Tumeona vema tukumbushane maisha ya dada yetu Anuarite.

Alizaliwa mwaka 1939 huko Wamba, kati ya Wabudu. Aliingia shirika la masista wa Jamaa Takatifu kule Bafwabaka, akafunga nadhiri mwaka 1959, akaitwa Marie-Clémentine. Kazi zake zilikuwa za kila siku: kufundisha watoto, kutunza sakristia, kusaidia jikoni.

Mwezi wa 8 mwaka 1964, Wasimba walikamata mji wetu, wakati ule Stanleyville. Tarehe 24 Novemba askari wa Ubelgiji walishuka hapa kwa parashuti, lakini huko Uele vita haikuisha. Siku tano baadaye lori lilifika Bafwabaka. Masista wakapakiwa, wakapelekwa Isiro. Kule, Kanali Olombe alitaka kumchukua Anuarite kwa nguvu. Akakataa kabisa. Alipigwa, akachomwa, akapigwa risasi, akafa tarehe 1 Desemba, hajatimiza miaka 25. Masista wenzake walishuhudia kwamba kabla ya kukata roho alimsamehe.

Tarehe 15 Agosti 1985, Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenyeheri kule Kinshasa, naye akamsamehe muuaji kwa jina la Kanisa.

Tusidanganyane: sala zake hazikusimamisha lori njiani. Na msamaha wake haukugeuza ubaya kuwa wema. Kilichofanyika Isiro kinabaki ubaya. Lakini chuki ya yule askari haikupata nafasi ndani yake. Sisi, tukitafuta Mungu usiku ule, tunamuona upande wa yule anayepigwa, hakumuacha.

Mama mmoja wa Lubunga alitueleza kwamba yeye hajafika pa kusamehe. Hatukumsukuma. Tulimsaidia kwanza kusimamisha nguzo za nyumba, na kati ya walioshika nguzo walikuwepo watu wa kabila lile lingine. Michango yenu ya mwezi huu itanunua mabati. Mengine yatakuja polepole.