MZEE HURST: ALIACHA SHULE NA MIAKA 15, AKAJA KUUHESABU MTO NILE

Leo nawaletea mzee mmoja ambaye wengi wetu hatukumsikia darasani, ingawa wataalamu wa maji dunia nzima wanamjua. Ni Harold Edwin Hurst. Kule Misri walimpa jina la Abu Nil, yaani Baba wa Nile.

Alizaliwa mwaka 1880, Leicester, Uingereza. Baba yake alikuwa mjenzi, hela ya kubahatisha. Alipofika miaka 15 kijana akaacha shule, akiwa amejifunza kemia na useremala, kisha jioni akawa anasoma masomo ya usiku. Hakukata tamaa. Akiwa na miaka 20 akapata udhamini wa kusoma Oxford, akamaliza fizikia kwa daraja la kwanza. Wewe uliyemaliza form four ukadhani ndiyo basi tena, hapo pasome mara mbili.

Mwaka 1906 akaenda Misri kwa kazi ya muda mfupi tu. Akaishia kukaa zaidi ya miaka 60! Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupeleka saa sahihi kwenye ngome ya Cairo, ambako mzinga ulipigwa kila adhuhuri. Kutoka kwenye saa akahamia kwenye mto, akauzunguka kwa meli, baiskeli, gari, ndege, na kwa miguu akiwa na wapagazi.

Swali lake lilikuwa rahisi kulitamka: binadamu anaweza kutumia maji kiasi gani ya mto huu? Kulijibu sasa, si mchezo.

Kwanza, maji unayoyaona yakipita siyo yote utakayoyapata. Yanayotoka kwenye maziwa yetu yakifika kwenye madimbwi ya Sudd, Sudan Kusini, karibu nusu yanapotea kwa mvuke. Na maji mengi yanayofika Misri yanatoka Ethiopia.

Pili, na hapa ndipo jina lake lilipobaki, wastani ni muongo. Hebu fikiria kibarua anayepata kazi siku 15 kwa mwezi. Kama siku nzuri na mbaya zinapishana, akiba ndogo inamtosha. Lakini kama siku mbaya zote 15 zinafuatana, atalala njaa, ingawa wastani wake ni uleule.

Hurst alichukua vipimo vya Nile vya kisiwa cha Roda, Cairo, vinavyoanzia karne ya 7. Akalinganisha na bahati tupu, yaani akarusha sarafu na kuchanganya karata mara nyingi kweli. Akagundua kwamba mto hauendi kama sarafu. Miaka ya neema hufuatana, na miaka ya ukame nayo hufuatana. Kwa hiyo bwawa la kuhifadhia maji lazima liwe kubwa kuliko hesabu za kawaida zinavyosema. Hayo aliyachapisha mwaka 1951, akiwa na miaka 71.

Kabla ya hapo, mwaka 1946, yeye na wenzake walipendekeza akiba ya miaka mia, na Ziwa Victoria liwe mojawapo ya maghala yake. Ziwa hili likipanda mita 1 tu, hayo ni maji kama bilioni 68 za mita za ujazo. Bwawa la Owen Falls pale Jinja, lililofunguliwa 1954, Misri ilichangia hela liinuliwe zaidi kwa ajili hiyo.

Lakini mpango mzima haukutimia. Misri ikaona heri bwawa moja kubwa ndani ya mipaka yake, kule Aswan. Mwaka 1959 Misri na Sudan zikagawana wastani wa bilioni 84: Misri 55.5, Sudan 18.5, na 10 za mvuke. Uganda, Kenya, Tanganyika na Ethiopia hazikuwepo mezani.

Mzee alifariki 1978. Miaka michache tu baadaye ukame ukaiandama Ethiopia mwaka hadi mwaka, ziwa la Aswan likashuka vibaya mno, mpaka mafuriko ya 1988 yakaliokoa. Miaka mibaya ilifuatana kama alivyosema. Na hata kwetu, Ziwa Victoria lilishuka sana 2006, halafu 2020 likafurika mpaka watu wa ufukweni wakahama nyumba zao.

Ndiyo maana mimi namuona mzee huyu bado ana kazi. Kila mkubwa anapogawa maji ya mto kwa kutaja wastani, tumuulize: miaka mibaya ikifuatana kumi, nani atakosa? Manake mkataba hauleti mvua.

Haya wadau, kazi kwenu. Mliopo Mwanza, Kisumu na Jinja, leteni maoni!