Harry Thuku na kipande cha shingoni

Mbele mashini ijue sura ya mutu, ilikuwa vidole. Harry Thuku alipiganisha mambo hayo.

Alizaliwa 1895 kule Kiambu, Kenya, akatumika kazi ya simu kwa Serikali, Nairobi. Wakati ule mwanaume mweusi wa miaka 16 na zaidi alipashwa kubeba kipande: karatasi yenye jina, alama za vidole na mushahara, ndani ya kikopo cha chuma, shingoni. Patro asipotia sahihi, hupate kazi ingine. Ukitoroka, alama za vidole zilibaki Nairobi, polisi wanakutafuta nazo. Na kipande uliweza kukivua, hata kama ni kosa. Uso hauvuliwi. Kama patro analeta mashini ya sura kwenye mulango wa mugodi, sindika imuulize kwanza: foto zinalala wapi, na nani anazifungua?

Mwaka 1921 wazungu wa mashamba walitaka kukata mishahara thuluthi moja. Thuku akaunda East African Association, chama kisichochagua kabila. Tarehe 14 Machi 1922 wakamufunga. Kiisha siku mbili watu wakaenda kumudai kwa polisi. Risasi ikaua zaidi ya 20, na Mary Nyanjiru, mwanamuke aliyewasha moto wa wanaume waliosita. Thuku akahamishwa bila kusambishwa, kwanza Kismayu, zaidi ya miaka minane kwa jumla.

Aliporudi alilegea, tuseme wazi. Akapinga Mau Mau, akalima kahawa yake, akafa 1970.