Michael Wood: Tabibu aliyegeuza anga kuwa njia ya kwenda hospitalini

MSIMU wa mvua ukungu hutanda Timboroa tangu alfajiri, mzito kiasi cha kumfanya dereva wa lori ashindwe kuziona taa za gari lililo mbele yake. Mji huu mdogo ulio kando ya barabara kuu ya Nakuru kuelekea Eldoret uko zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, karibu kabisa na mstari wa ikweta. Reli iliyofika Eldoret mwaka 1924 ililazimika kupanda hapa hadi mita 2,784 kabla ya kuteremka tena.

Kwa msafiri wa kawaida ukungu huo ni kero tu. Kwa majeruhi anayesubiri kuokolewa, ni suala la kufa na kupona.

Barabara inayopanda kutoka Nakuru hadi nyanda hizi imeangamiza wengi. Mnamo Januari 31, 2009, lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, karibu na Molo, na moto uliozuka ukawaua zaidi ya watu 100 waliokuwa wamekusanyika kuchota mafuta yaliyomwagika. Walionusurika walihitaji wataalamu wa majeraha ya moto, na waliwahitaji upesi.

Daktari aliyeyaunganisha mambo hayo mawili nchini Kenya, yaani tiba ya kuurekebisha mwili ulioharibika na mwendo wa kasi wa angani, alikuwa amefariki dunia takriban miaka 22 kabla ya mkasa huo. Jina lake ni Sir Michael Wood.

Pumu yamleta Kenya

Wood alizaliwa Uingereza na kusomea udaktari katika Hospitali ya Middlesex jijini London. Mwaka 1943, vita vikiwa vimepamba moto, alifunga ndoa na Susan Buxton, binti wa wamishonari aliyezaliwa Kongo na ambaye Afrika haikuwa ngeni kwake.

Kijana huyo daktari alisumbuliwa na pumu. Baridi na unyevu wa kwao havikumfaa, na muda mfupi baada ya Vita vya Pili vya Dunia familia ikahamia Kenya. Hivyo basi, aliyekuja kutafuta pumzi yake mwenyewe ndiye aliyeishia kuwapelekea wengine uhai.

Alifanya kazi ya upasuaji Nairobi. Hata hivyo, hakukawia kutambua kwamba wagonjwa waliomfikia walikuwa wachache mno wakilinganishwa na waliobaki nyuma. Eneo lilikuwa kubwa, barabara zilikuwa mbovu na madaktari wa upasuaji walihesabika kwa vidole. Mtoto aliyezaliwa na mdomo sungura, mchungaji aliyeraruliwa na fisi, mama aliyeungua jikoni, wote hao waliishi na ulemavu kwa sababu tu walikuwa mbali.

Alirejea Uingereza kujinoa chini ya Sir Archibald McIndoe, mzaliwa wa New Zealand aliyekuwa gwiji wa upasuaji wa kurekebisha maumbile. McIndoe alijipatia sifa katika hospitali ya East Grinstead, alikowatibu wanajeshi wa anga wa Uingereza waliounguzwa na moto wa ndege zao wakati wa vita. Aliwashonea kope, pua na vidole, kisha akawahimiza warudi katika maisha ya kawaida bila ya kuona haya.

Kwa hivyo, elimu ambayo Wood aliileta Afrika Mashariki ilikuwa imechotwa kutoka kwa miili ya marubani. Si ajabu kwamba naye baadaye alishika usukani wa ndege.

Wazo lazaliwa Kilimanjaro

Familia ya Wood ilikuwa na shamba huko Ol Molog, upande wa magharibi wa Mlima Kilimanjaro, katika nchi iliyoitwa Tanganyika wakati huo. Ni kwenye miteremko ya mlima huo ambako Wood, McIndoe na Tom Rees, daktari wa upasuaji kutoka Marekani aliyepata pia mafunzo East Grinstead, walijadiliana namna ya kuwafikia wagonjwa wa mashambani.

Wazo lao lilikuwa rahisi kulieleza, lakini gumu kulitekeleza. Badala ya kumngoja mgonjwa asafiri siku kadhaa kumtafuta daktari, daktari na ajipakie ndegeni amfuate mgonjwa. Mwaka 1957 walianzisha shirika ambalo baadaye lilijulikana kote kwa jina la AMREF, na ambalo leo huitwa Amref Health Africa. Huduma yake ya ndege ikapata umaarufu kwa jina la Flying Doctors.

McIndoe alifariki mwaka 1960, kabla ya kuuona mti waliouotesha ukizaa. Mzigo wa uongozi ukabaki mabegani mwa Wood.

Uwanja wa Ndege wa Wilson jijini Nairobi ukawa kitovu cha shughuli. Kutoka hapo ndege ndogo zilielekea kwenye hospitali za misheni na vituo vya serikali vilivyo pembezoni. Redio za masafa marefu zilifungwa katika vituo hivyo, hivi kwamba muuguzi aliyekuwa peke yake maili mamia kutoka Nairobi aliweza kuuliza ushauri au kuomba ndege.

Wood alijifunza urubani akiwa tayari bingwa wa upasuaji. Aliruka mwenyewe, akatua penye viwanja vya udongo, akapasua, kisha akaruka tena. Aidha, hakutaka kazi iwe ya daktari mgeni anayekuja na kuondoka. Alisisitiza kwamba wahudumu wa mahali hapo wafundishwe, ili ndege inapoondoka maarifa yabaki.

Alivutia wengine wenye moyo kama wake. Miongoni mwao ni Dkt Anne Spoerry, Mfaransa aliyejifunza kurusha ndege akiwa na miaka 45 na kujiunga na huduma hiyo mwaka 1964. Wenyeji wa Kaskazini na wa pwani ya Lamu walimwita Mama Daktari hadi alipofariki mwaka 1999.

Macho yanapodanganya

Katika miaka hiyo ya mwanzo, urubani wa mashambani ulitegemea zaidi macho. Rubani alifuata mto, reli au barabara, akaitambua milima kwa maumbo yake. Vifaa vya kumwongoza kutoka ardhini havikuwepo katika vituo vingi alikokwenda. Njia hiyo ilifaa mchana wa jua kali. Mawingu yaliposhuka hadi kwenye vilele, kama yanavyoshuka Timboroa, ilimbidi arudi nyuma au ahatarishe roho yake.

Hatari yenyewe imo katika sikio la binadamu. Ndani yake mna vijia vya majimaji vinavyotupa hisia ya mizani. Ardhini, macho husahihisha hisia hizo kila sekunde. Ndani ya wingu, macho hayana cha kushika, na sikio hubaki likidanganya. Rubani hudhani anaruka sawasawa ilhali ndege yake inazunguka na kushuka.

Mwaka 1954, watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani waliwapima marubani 20 wasiokuwa na mafunzo ya kuruka kwa kutegemea vyombo. Walipoondolewa uwezo wa kuona nje, wote 20 walipoteza udhibiti wa ndege. Kwa wastani, jambo hilo lilichukua sekunde 178, muda usiofika dakika tatu.

Dawa ya maradhi haya ilijulikana kitambo. Mnamo Septemba 24, 1929, Jimmy Doolittle aliruka na kutua katika jimbo la New York akiwa amefunikwa asione nje, akifuata mishale ya vyombo pekee. Tangu hapo, rubani anayetaka cheti cha kuruka mawinguni hufunzwa jambo moja kubwa, nalo ni kutoiamini hisia ya mwili wake. Huvalishwa kizuizi machoni asione ila vyombo. Kisha huzungusha macho bila kukoma, kutoka kwa upeo wa macho wa bandia hadi kipimo cha mwinuko, kasi na dira.

Kwa helikopta, kazi ni ngumu zaidi. Ndege yenye mabawa, ikiachiwa, huelekea kutulia. Helikopta isiyokuwa na mitambo ya kuituliza huhitaji mkono wa rubani kila wakati, na huweza kupinduka haraka. Isitoshe, hewa ya Timboroa ni nyepesi kwa karibu robo ikilinganishwa na ya Mombasa, hivyo injini na mapanga huwa na nguvu pungufu ya kumwinua majeruhi.

Kwa sababu hiyo, wakufunzi hukariri hatua zile zile. Rubani akijikuta ndani ya ukungu bila kutarajia, aisawazishe helikopta, ashike uelekeo usiokuwa na mlima, aongeze nguvu, adumishe kasi na kupanda hadi mwinuko salama. Ndipo aite waongozaji wa ndege. Kosa linaloua ni kushuka chini kidogo kuitafuta barabara.

Marekani ilijifunza somo hili kwa machozi. Baada ya msururu wa ajali za helikopta za wagonjwa, hususan mwaka 2008, serikali ilitoa kanuni mwaka 2014 iliyowataka marubani wa huduma hiyo wawe na cheti cha kuruka kwa vyombo kufikia mwaka 2017.

Viapo viwili kwa mtu mmoja

Kuna desturi nyingine iliyoenea katika huduma za namna hii duniani. Rubani haambiwi hali ya mgonjwa kabla ya kuamua kama ataruka. Huulizwa kuhusu hali ya hewa, mafuta na njia pekee. Akisikia kwamba anayengoja ni mtoto, au mama mjamzito anayevuja damu, huruma inaweza kumsukuma pale ambapo akili ingemzuia.

Hapa ndipo ugumu wa maisha ya Wood unapojitokeza wazi. Yeye alikuwa daktari na rubani kwa wakati mmoja. Ujumbe wa redio uliomweleza jinsi mgonjwa alivyozidiwa ulimfikia mtu yule yule ambaye angeamua kama wingu lile linapitika. Daktari ndani yake alikuwa na wajibu wa kwenda, na rubani ndani yake alikuwa na wajibu wa kukataa. Wahenga walinena kwamba heri nusu shari kuliko shari kamili, lakini msemo huo ni mgumu kuutii unapomjua mgonjwa kwa jina.

Huduma aliyoianzisha ilikua na kuzitenganisha kazi hizo. Rubani akabaki rubani, daktari na muuguzi wakamhudumia mgonjwa nyuma yake, na ndege kubwa zaidi zenye vyombo vya kisasa zikachukua nafasi ya zile ndogo za mwanzo.

Wood aliliongoza shirika hilo hadi mwaka 1985. Mwaka huo huo Malkia wa Uingereza alimtunuku cheo cha Sir, naye akashirikiana na David Campbell kuanzisha FARM-Africa, shirika la kuwasaidia wakulima na wafugaji wadogo. Alikuwa ametambua kwamba wengi aliowatibu waliuguzwa kwanza na njaa. Alifariki dunia mwaka 1987. Mkewe, Susan, aliyeanzisha karakana ya shanga ya Kazuri mtaani Karen mwaka 1975 ili kuwapa kina mama ajira, alimfuata mwaka 2006.

Leo majeruhi wa Timboroa anaweza kupelekwa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret kwa gari kupitia Burnt Forest, na pengine helikopta ikaitwa kumpeleka mbali zaidi. Ukungu ukitanda, hata rubani aliyefuzu hawezi kutua kando ya barabara asiyoiona. Anachoweza ni kupanda salama, kwenda kwenye uwanja wenye vifaa vya kumwongoza, na kumsubiri mgonjwa hapo aletwe kwa gari.

Katika mpango kama huo, helikopta na gari la wagonjwa hutegemeana, na rubani anayegeuka hahesabiwi kuwa mwoga. Mafunzo hayo ni ghali, na hupaswa kurudiwa mara kwa mara kwa kuwa ujuzi wa kuruka kwa vyombo huchuja usipotumiwa. Ila gharama hiyo ni sehemu ya deni tulilorithi kutoka kwa tabibu yule wa Ol Molog. Aliifungua njia ya angani kwa ajili ya mgonjwa, na wajibu wa waliobaki ni kuhakikisha kwamba anayeipita anafika.